Mvua Haikuulizwa Tiketi

Bonge ni mtu wa kuaminika kwa mambo mengi. Ukimkopesha elfu kumi atairudisha, ukimwachia mtoto atamlisha, na ukipatwa na msiba yeye ndiye anayejua turubai linakodishwa wapi saa sita za usiku. Tatizo lake ni mbingu. Kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Mafia, Bonge anaamini amerithi elimu ya pepo na mawingu. Kila tunapotaka kwenda mahali hutoka nje, hulamba kidole, hukiinua juu, kisha hutoa hukumu.

Hukumu ya safari ile ilikuwa kwamba Februari Unguja hakunyeshi.

"Sasa hivi kaskazi," alituambia bandarini Dar es Salaam, huku akimpokonya mkewe mwavuli na kuurudisha kwenye gari lililotuleta. "Vuli imeshapita, masika bado hadi Machi. Huo mwavuli utamfunika nani?"

Kwa haki, kalenda ilikuwa upande wake. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo ndilo tulilokuwa tunaliendea, lilianza mwaka 2004, na kwa kawaida huangukia Februari, jua linapokuwa kali na watu wa Mji Mkongwe wanapotembea wakifuata kivuli cha ukuta. Shemeji hakubishana. Alikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria, nalo lilikuwa kichwani mwake: wigi jipya, refu, lililonyooka, ambalo bei yake Bonge alikuwa bado hajaambiwa.

Mwenzetu wa nne ni Mwalimu, mweka hazina wetu. Mwalimu ana daftari. Ukinunua karanga za mia tano anaandika karanga, mia tano, na jina la aliyekula nyingi. Boti ilipofika bandari ya Malindi, Unguja, tayari alikuwa na ukurasa mzima.

Sasa, Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, wakaipa kuta nene ili Mreno akirudi na mizinga yake ajue amekuja pabaya. Baadaye ikawa pia gereza, maana kuta zinazozuia watu kuingia zinafaa vilevile kuzuia watu kutoka. Katika hesabu zote hizo hakuna aliyemfikiria mgeni atakayeshuka kutoka juu. Ndani ni ua mpana wenye nyasi, na siku za tamasha jukwaa huwekwa humo, watu wakacheza chini ya nyota. Ni mahali pazuri mno pa kusikiliza muziki, na sijui mahali pabaya kuliko pale pa kutafuta paa.

Nyota zilituaga mnamo saa tatu usiku. Jukwaani palikuwa na kundi la taarab, wapigaji wameketi, fidla zinaongea, na Bonge amefumba macho anatikisa kichwa utadhani ndiye aliyeutunga wimbo. Tone la kwanza liliangukia daftari la Mwalimu. Akalitazama. Akamtazama Bonge.

"Rasharasha hiyo," Bonge akasema bila kufumbua macho. "Inapita."

Ilipita kweli, ikaiachia nafasi mvua yenyewe.

Nilichokiona katika dakika zilizofuata bado sijakielewa vizuri. Sisi wenyeji, tuliozaliwa na masika na kukua na masika, tulitimua mbio ungedhani kumemwagwa tindikali. Wageni waliotoka nchi za mvua na ukungu, waliokusanya akiba mwaka mzima ili waje waone jua, walibaki katikati ya ua, wakavua viatu, wakaanza kuruka. Mzungu mmoja mzee, mwenye kaptula na ndevu nyeupe, alikuwa ameinua mikono juu anacheka peke yake. Mwalimu alikuwa na maelezo ya kihasibu: Watanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, kwa hiyo mgeni hana budi kucheza mpaka fedha yake irudi. Mimi naona sababu ni simu na nywele. Ukizihesabu simu ambazo mwenyewe hajamaliza kuzilipia, na vichwa vilivyoshinda saluni tangu asubuhi, utaelewa kwa nini hatukuwa na uhuru wa yule mzee.

Simu ndizo zilizotutesa. Zamani mvua ikikukuta mjini unaomba mfuko wa rambo dukani, unatia simu, unafunga fundo, mambo yamekwisha. Lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Zanzibar ilitangulia miaka mingi, Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Naunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, isipokuwa kwa muda wa kama nusu saa usiku ule. Mwalimu alikuwa na ule mfuko mbadala, wa kitambaa chekundu, unaouzwa kila genge, akakusanya simu zetu zote humo na kuukumbatia kifuani. Mfuko mbadala una tabia zake. Maji unayakaribisha, unayatunza, na rangi unaitoa. Tulipokuja kuzitoa simu, shati jeupe la Mwalimu lilikuwa na doa jekundu kifuani, na mlinzi wa getini alimsogelea kwa upole sana akamuuliza kama ameumia.

Wapi pa kukimbilia? Jirani pale kuna Beit al-Ajaib na varanda zake pana, lakini sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, ikawekewa uzio. Kwa hiyo umma wote ulijazana kwenye njia ya lango la Ngome, tumebanana kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Shemeji alitoa doti ya kanga kwenye mkoba wake. Mimi sijapata kumwona mwanamke wa Pwani anayesafiri bila kanga, na sijapata kumwona mwanamume aliyejifunza jambo hilo. Kipande kimoja akalifunika wigi, kingine akamtupia mumewe. Bonge akajitanda mabegani, maandishi yakakaa mgongoni sawasawa, kwa herufi kubwa nyeusi: MWENYE WIVU AJINYONGE. Waliokuwa nyuma yake hawakuwa na pengine pa kutazama.

Mwalimu hakuwemo langoni. Kabla ya mvua alikuwa amenunua urojo Forodhani, akauingiza na bakuli lake, na sasa alikuwa amesimama peke yake ukutani, nusu ndani nusu nje, anakula. Alikataa kuumwaga. Alikuwa ameshauandika. Nilimwona akichota bhajia, akichota kipande cha kiazi, akinywa mchuzi wa ukwaju, kisha akitazama bakuli lake kwa mshangao, maana lilikuwa limejaa vilevile. Akanywa tena. Likajaa tena. Mwisho pilipili yote iliisha ladha, akabaki na maji ya mbinguni na kachori moja inayoelea.

Jukwaani wapigaji walikuwa wameshaondoka na fidla zao ndani ya makasha, isipokuwa mzee mpiga kanuni. Yeye alivua koti lake la suti akaifunika kanuni, halafu akaiinamia kwa mwili wake, kanzu imemgandia mgongoni, mpaka vijana walipokuja na turubai. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kila uzi una kigingi chake cha kukazia. Mvua ilipoanza kupungua alirudi, akaketi, akaipangusa kwa leso, akaanza kukaza uzi mmoja mmoja, sikio amelilaza juu ya ubao. Mtangazaji akaomba subira. Tukasubiri. Ting. Ting. Kigingi. Ting. Wale wageni wa katikati walishangilia kila uzi.

Shemeji akainua kanga, akaligusa wigi, akasema, "Tunaondoka." Si sauti ya kujadiliwa.

Vichochoro vya Mji Mkongwe mvua ikinyesha huwa mito. Maji yalikuwa yanafika juu ya vifundo vya miguu, meusi, na ndala moja ya Bonge ilishatangulia kuelekea baharini. Ndipo mtu mmoja akatuita kutoka gizani: "Pandeni juu, wanangu, hapo chini pana mashimo." Zile baraza za mawe zilizoshikamana na nyumba, ambazo mchana tunazipiga picha, mvua ikinyesha ndizo njia ya miguu. Tatizo ni kwamba zina wenyewe. Wazee walikuwa wameketi humo, chini ya roshani za juu, wakavu kabisa, na dele la kahawa limekaa kwenye jiko la mkaa. Tukawapita kwa mstari mmoja, viatu mikononi, tukiruka miguu yao kwa zamu. Shikamoo. Marahaba. Samahani mzee. Shikamoo. Marahaba, pita. Samahani.

Tulikuwa bado katikati ya miguu hiyo muziki uliporejea, ukivuka mapaa ya mabati, kanuni mbele, safi, kila uzi mahali pake.

"Keshaitia sawa," alisema mzee mwenye dele.

"Mzee, wewe hukwenda?" nikamuuliza.

"Nende wapi? Miaka yote naisikia papa hapa."

Mwalimu akauliza kahawa ni bei gani. Akatajiwa. Akautazama mkanda wa tamasha mkononi mwake kwa muda mrefu, kisha akaagiza vikombe vinne na kusema hivyo atalipa yeye, na visiandikwe. Tukasogezewa nafasi, tukaketi tukichuruzika maji. Mzee wa pembeni, aliyekuwa kimya muda wote, akaivuta taa ya kandili, akainama nyuma ya Bonge na kuusoma mgongo wake polepole, neno kwa neno.

"Wivu wa nini tena," akauliza, "na mwenyewe katota hivi?"