Jinsi ya Kupoteza Uwanja wa Ndege na Visima vya Mafuta Bila Kupoteza Cheo

Mheshimiwa mpanga mipango! Una koloni la mbali. Lina visima vya mafuta, lina viwanja vya ndege katikati ya msitu, na wewe huna askari wa kutosha wala ndege. Usikose usingizi. Mabwana wa London, Batavia na Melbourne walikutangulia, na kati ya Desemba 1941 na Machi 1942, Wajapani walipovamia makoloni yao katika Vita vya Pili vya Dunia, walionyesha njia yote, kuanzia Malaya hadi Rabaul. Sogea karibu nikupe siri zao. Lengo lako ni moja tu: uwanja ukianguka, jina lako lisianguke nao.

1. Jenga kwanza, mlinzi atatafutwa.
Tandaza ramani, tafuta tambarare, jenga. Usimshirikishe mwenzako wa jeshi la nchi kavu, maana atauliza nani atapalinda. Jeshi la Anga la Uingereza lilijenga viwanja vya Kota Bharu, Gong Kedah na Machang kaskazini-mashariki mwa Malaya, karibu na fukwe zilizo wazi. Jeshi la nchi kavu likaletewa uamuzi uliokwisha kupitishwa: tawanyeni askari, mvilinde. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hapa Mnyamwezi alikuwa kijana wa Kihindi, aliyevushwa bahari kwenda kufa kwa ajili ya mali ya Mwingereza katika nchi ya Wamalay.

2. Hesabu ndege zitakazokuja.
Ndege iliyoahidiwa ni bora kuliko iliyopo. Haili mafuta, haiharibiki, na inapendeza kwenye jedwali. Wakuu wa majeshi mjini London walikubali kwamba Malaya inahitaji ndege 336. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Desemba 1941, Wajapani waliposhuka Kota Bharu, zilizokuwa tayari kwa vita zilikuwa 158, nyingi zimepitwa na wakati. Siku hiyohiyo mchana ukazuka uvumi kwamba adui amefika ukingoni mwa uwanja. Wahudumu wakaondoka, na njia ya kurukia ndege wakaiacha nzima, tayari kwa mgeni. Kule Kuantan ndege zilihama tarehe 9, lakini brigedi ya Kihindi ikabaki inalinda uwanja mtupu hadi Januari. Ona nguvu ya mpango ulioandikwa vizuri: unaendelea kutekelezwa hata sababu yake ikishapaa.

3. Gawa kidogo kidogo.
Jeshi lote ukiliweka pamoja likashindwa, dunia nzima itajua. Ligawe. Australia ilipeleka batalioni moja Ambon, moja Timor na moja Rabaul, kila moja ilinde viwanja na bandari kana kwamba ipo peke yake duniani. Kwa wenzao kusikia habari zao ingekuwa bahati. Kuwafikia kwa msaada isingewezekana. Tarehe 20 Januari 1942, ndege 8 za Wirraway, zilizotokana na ndege ya mafunzo, zilipaa juu ya Rabaul kukabili ndege za Kijapani zaidi ya 100. Marubani wale walipaa huku wakijua kinachowangoja. Wewe ripoti yako itasema tu kwamba uwanja ulikuwa na ndege.

4. Msema kweli mbadilishe.
Kila mpango wa namna hii humpata mtu mmoja msumbufu. Huko Ambon alikuwa Luteni Kanali Leonard Roach. Alikagua kisiwa, akapima silaha zake, akaandika makao makuu kwamba bila nyongeza ya mizinga na ndege askari wake watatolewa kafara bure. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini si mpenzi wa makao makuu. Usimjibu hoja, mwondoe kazini. Roach aliondolewa mwezi Januari, akaletwa mwingine. Kisiwa kilianguka tarehe 3 Februari, na katika uwanja wa Laha mateka wapatao 300, Waaustralia na Waholanzi, wakauawa na Wajapani. Barua ya Roach ilikuwa sahihi mstari kwa mstari.

5. Ahidi kuchoma.
Mafuta yasipolindika, sema utayateketeza. Kauli hiyo inasikika ya kishujaa, na haihitaji hata batalioni moja. Waholanzi walichoma kweli huko Tarakan, kisiwa chenye mafuta ghafi safi kiasi cha kutiwa moja kwa moja kwenye meli. Walichoma na Balikpapan pia, ingawa Wajapani walikuwa wameonya kwamba watalipiza. Walilipiza: waliwaua watu wapatao 80. Huko Tarakan kikosi kilisalimu amri tarehe 12 Januari, lakini simu ya kwenda kwenye mizinga ya pwani ilikuwa imekatika. Wapiga mizinga, bila habari, wakazamisha meli mbili za Kijapani. Baadaye mateka zaidi ya 200 walizamishwa baharini. Aliyetoa ahadi ya kuchoma alikuwa mbali. Walioilipia walikuwa pale.

Na moto wenyewe haudumu. Kabla mwaka 1943 haujaisha, Tarakan na Balikpapan zilikuwa zikimtolea Mjapani mafuta. Huko Palembang, askari wa miavuli waliangushwa tarehe 14 Februari 1942, na mtambo wa kusafishia mafuta wa Pladjoe ukatekwa karibu mzima.

6. Usiandike ukurasa wa kuondoka.
Ukurasa huo unakiri kwamba unaweza kushindwa, na kiongozi mwenye hadhi hakiri. Rabaul haikuwa nao. Mji ulipoanguka tarehe 23 Januari, askari waliambiwa kila mtu ajiokoe, wakaingia msituni bila chakula wala dawa zilizofichwa njiani. Wapatao 160 waliuawa kwenye shamba la Tol. Wanawake na watoto wa Kizungu walikuwa wameondolewa Desemba; Wachina waliachwa. Wenyeji hawakuwahi hata kuwemo kwenye orodha, ingawa nchi ilikuwa yao, na ndio waliobebeshwa mizigo ya jeshi jipya. Huko Java watu wengi mno walikusanywa kufanya kazi za shuruti chini ya Wajapani, na wengi hawakurudi makwao. Hakuna mpango wa ulinzi uliokuwa umewahesabu.

7. Rudi ukanunue upya.
Mei 1945 Waaustralia walitua Tarakan ili wapate uwanja wa ndege wa kusaidia shambulio la Balikpapan. Zaidi ya 200 kati yao walikufa. Uwanja ulikuwa umechakazwa mno na mabomu na maji, ukachelewa kutengenezwa, na Balikpapan ikashambuliwa Julai bila kuutegemea. Hiyo ndiyo bei ya mwisho ya jedwali la ndege ambazo hazikuja.

Hatua hizi saba zimejaribiwa. Ukizifuata utashindwa kwa uhakika, na huenda ukastaafu na nishani. Lakini kama una mtu unayempenda ndani ya kikosi hicho, au jirani katika kijiji kilicho kando ya matangi, ipo njia ya mkato moja iliyo bora kuliko zote. Kabla ya kutia saini, uliza: meli ya mwisho ikiondoka, nani atabaki, na tumempa nini cha kujilindia? Roach aliuliza hivyo mapema, bila malipo, na kwa maandishi. Kama jibu ni kwamba huna cha kumpa, basi mwondoe leo pamoja na watu wa pale, wakati meli bado zipo bandarini.