Ufundi wa Kipakatalishi Sebuleni Kabras

Kipakatalishi, yaani ile kompyuta ya kubebeka ambayo watu wengi wa Kabras huiita laptopu tu, huharibika kwa sababu chache kuliko inavyodhaniwa, na nyingi kati ya hizo hazimo ndani ya mashine bali zimo sebuleni, ambako mashine hiyo huishi pamoja na makochi, birika la chai na kuku asiyejua kubisha hodi. Hata hivyo, mwenye nyumba anayejitia ufundi huanza na bisibisi, na bisibisi yenyewe huazimwa kwa jirani mwenye bodaboda, hivyo huwa nene mno kwa skrubu ndogo za kipakatalishi, ikaishia kuzisaga vichwa hadi hazishikiki tena.

Kabla ya upasuaji huo, inafaa kutazama ukutani. Soketi za Kenya hufuata mtindo wa Uingereza na aghalabu huwa na swichi, na si ajabu baraza zima la wajuzi, akiwemo mpwa anayesoma chuoni Kakamega, kujadili ugonjwa wa betri huku chaja ikiwa imechomekwa kwenye soketi iliyozimwa na aliyemaliza kupiga pasi. Chaja hiyo hupokea umeme wa volti 240 na kuushusha hadi volti 19 hivi, kazi ambayo radi haiiheshimu hata kidogo. Kwa kuwa mvua za alasiri upande huu huja na ngurumo, anayechomoa mapema hana haja ya kujifunza kurekebisha chaja.

Tatizo linalostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni joto. Ndani ya kipakatalishi mna feni ndogo inayovuta hewa kupitia matundu ya chini na kuitoa pembeni, ili kupoza kichakataji, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za mashine. Sebule ya heshima katika Kabras, kwa upande wake, ina vitambaa vya kufumwa kwa mkono juu ya kila kochi, kila meza na kila kitu chenye thamani; basi kipakatalishi huwekwa juu ya kitambaa kimoja, na mgeni anapoingia hufunikwa, mashine ikiwa bado inawaka, kwa kingine, kama ilivyo desturi kwa redio. Ongeza vumbi la trekta zinazosomba miwa kwenda viwandani, na feni huanza kulia kwa sauti ya kutia huruma, kisha mashine hujizima yenyewe, nayo familia ikasema imeingiwa na virusi. Dawa yake ni kuiondoa kitambaani, kuizima, na kupitisha brashi laini kwenye matundu. Kupuliza kwa mdomo huingiza mate, jambo ambalo wapulizaji hulikana daima. Anayeifungua kabisa na azipange skrubu kwa mpangilio wa matundu yake, kwa sababu skrubu ndefu ikitiwa kwenye tundu la fupi inaweza kuchomoza upande wa pili, karibu na vitufe. Na zile zinazobaki baada ya kufunga haziwi za ziada kwa sababu tu zimetiwa kwenye kopo la vifungo.

Lipo pia tatizo la vitufe vinavyosema uongo. Katika baadhi ya vipakatalishi vidogo, hasa vya zamani, kitufe kilichoandikwa NumLk hugeuza herufi za upande wa kulia kuwa tarakimu, hivi kwamba barua ya kumwomba mjomba karo huanza kwa “0160ba”, na neno kuku husomeka 2424. Kuku mwenyewe ndiye hushukiwa, kwa kuwa mara nyingi kitufe hicho hubonyezwa pamoja na kile cha Fn, kilicho pembe ya pili, na yeye anayo miguu miwili; ingawa haki ingetaka mtoto wa darasa la tatu ahojiwe kwanza. Kubonyeza vitufe hivyo viwili tena hurudisha herufi, na mjomba hubaki na udhuru mmoja pungufu.

Chai ikimwagika, mambo huwa mazito, kwa sababu maji hukauka lakini maziwa na sukari hubaki, na eneo lenye viwanda vya sukari halina sifa ya kunywa chai ya mkandaa isiyo na kitu. Mashine izimwe papo hapo, chaja ichomolewe, kisha igeuzwe vitufe vikitazama chini na kuachwa siku moja au mbili. Wapo wanaosikia kwamba mchele hunyonya maji, wakakuta nyumbani hamna mchele, wakaianika juu ya turubai la mahindi, juani. Mchele wenyewe hausaidii kuliko hewa ya kawaida, mahindi huongeza wadudu, na jua kali huidhuru betri.

Betri ndiyo mpaka wa ufundi wa nyumbani. Kipakatalishi kinachoyumba mezani, au kilichoinuka upande wa vitufe, huenda kina betri iliyovimba kwa gesi, na betri ya namna hiyo ikitobolewa inaweza kulipuka moto. Isikandamizwe, isichajiwe wala isitupwe kwenye jalala linalochomwa. Mashine izimwe na ipelekwe kwa fundi wa kompyuta, Malava au Kakamega mjini, na bisibisi irudishwe kwa jirani siku hiyohiyo.