Barua ya Wazi kwa Ofisi za Viza za Schengen: Yah. Nia ya Kurudi Nyumbani

Ofisi inaombwa ihusike na somo lililotajwa hapo juu.

Waombaji wa viza ya muda mfupi, yaani ile inayomruhusu mgeni kukaa katika nchi 29 za Schengen kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, wanatoa kwanza shukrani zao za dhati, kwa kuwa hakuna mamlaka nyingine duniani, wazazi wao wakiwemo, iliyowahi kufuatilia kwa bidii kiasi hicho kama watarudi nyumbani.

Inafahamika kwamba safari ya kujipangia, ambamo msafiri huchagua mwenyewe miji, treni na mahali pa kulala bila kupitia kwa wakala, raha yake kubwa imo katika uhuru wa kubadili mawazo: aliyepanga kulala Berlin usiku mbili akaupenda mji huongeza wa tatu, na aliyefika Paris Jumanne akakuta makumbusho ya Louvre yamefungwa, kama yanavyofungwa kila Jumanne, hujiendea Montmartre na kurudi kesho yake. Mwombaji kutoka Dar es Salaam au Nairobi ameepushwa na usumbufu wa uhuru huo. Kanuni ya Viza ya mwaka 2009 inamtaka apeleke ombi lake kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi, na muda ukilingana, kwa nchi atakayoingia kwanza, kwa hiyo usiku mmoja wa ziada mjini Prague si tena suala la kupenda mji bali ni suala la mamlaka ya kisheria. Akitaka kuiona nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, atakuta tiketi zinatolewa mtandaoni kila Jumanne kwa ziara za wiki sita zijazo, yaani siku 42, ilhali Kanuni inaipa Ofisi siku 15 za kujibu zinazoweza kurefushwa hadi 45. Kwa zile siku tatu zinazopungua, mwombaji anashauriwa kusali.

Baada ya ratiba huja ushahidi. Kwenye dirisha la kituo cha kupokea maombi, karani hulowanisha kidole, hupekua taarifa ya benki ukurasa kwa ukurasa, na hufika mahali akasimama, akagonga kalamu juu ya muamala mmoja na kuuliza hela hiyo imetoka wapi. Imetoka kwa shemeji, ambaye naye aliikopa SACCOS ili salio lionekane limenenepa, na itarejea kwake siku ileile taarifa itakapopigwa muhuri. Karani analijua hilo, mwombaji anajua kwamba karani analijua, na wote wawili hutazamana kwa heshima kubwa.

Kisha hulipwa ada, iliyopanda kutoka euro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024, nayo hairudishwi hata ombi likikataliwa, jambo ambalo ni sawa na kulipa mahari kabla posa haijajibiwa, posa ikakataliwa, na mahari yakabaki ukweni. Jibu huletwa kwenye fomu yenye visanduku, na kisanduku kinachojulikana zaidi ni kile kinachosema kwamba kuna shaka ya msingi kuhusu nia ya mwombaji kuondoka katika nchi wanachama kabla viza haijaisha.

Nia. Mwalimu mwenye miaka ishirini kazini, nyumba ya kupaua Kimara na watoto watatu shuleni huambiwa, kwa alama ya vema kwenye kisanduku, kwamba moyo wake umepimwa na umeonekana una mpango wa kutoroka. Wakati huohuo raia wa nchi hizo hizo hutua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, hulipa dola 50, hugongewa muhuri, na hakuna anayemwomba barua ya mwajiri wala kumuuliza kama anao watoto wa kumrudisha kwao. Anayekataa hamjui anayemkataa, hakumwona, na hatamkumbuka. Huo si ulinzi wa mipaka. Ni dharau iliyopigwa muhuri, tena kwa gharama ya anayedharauliwa.

Ofisi iwawie waombaji radhi kwa ukali huo, na sasa barua hii irejee kwenye maombi yake.

Ombi la kwanza na kuu linahusu mkazi mmoja wa Berlin ambaye, kwa vigezo vya Ofisi yenyewe, ndiye mgeni wa kutiliwa shaka kubwa kuliko wote waliowahi kutoka Tanzania. Huyu ni mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, humwita Giraffatitan brancai. Alichimbwa katika msafara wa mwaka 1909 hadi 1913 mkoani Lindi, kwa kazi ya wachimbaji wenyeji chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini, na mwaka 1937 mnyama huyo alisimamishwa wima katika Museum für Naturkunde, ambako leo ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mtalii wa Kitanzania anayetaka kumtembelea kwa siku nne hutakiwa athibitishe kwamba atarudi. Mjusi hajaulizwa.

Inaombwa, kwa unyenyekevu, aulizwe. Aanze na pasi ya kusafiria, ambayo inapaswa iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na iwe na kurasa mbili tupu. Hana. Atajitetea kwamba aliondoka Lindi ikiwa chini ya Ujerumani na kwamba safari yake ilikuwa ya ndani ya himaya, lakini utetezi huo ulipitwa na wakati mwaka 1919, Ujerumani ilipovuliwa makoloni kwa Mkataba wa Versailles, na tangu hapo siku zake 90 zimekwisha kuisha mara nyingi. Suala la utambulisho nalo lichunguzwe kwa makini, kwa sababu mifupa iliyomuunda imetoka kwa mnyama zaidi ya mmoja, na mwombaji wa kawaida akikutwa na nyaraka za watu wawili kwenye faili moja hufahamu yatakayomkuta. Picha yake iwe ya milimita 35 kwa 45, uso mzima uonekane, mdomo umefungwa, bila tabasamu, na shingo ijitafutie pa kwenda. Kuhusu alama za vidole, Kanuni inawasamehe watoto wasiofikisha miaka 12 na wale ambao haiwezekani kimaumbile kuwachukua alama hizo. Kwa kuwa umri wake unakaribia miaka milioni 150, msamaha wa kwanza haumhusu, ila wa pili anaweza kuuomba kwa barua.

Ofisi ipime pia mafungamano yake na nchi ya asili, yaani mambo yanayomvuta mtu arudi kwao. Jamaa zake bado wamelala ardhini Tendaguru. Mwajiri aliye naye yuko Berlin, makazi yake ya kudumu yako Berlin, na watu hukata tiketi ili kumwangalia, hivyo kipato anakiingiza ugenini. Ofisa yeyote mwenye uzoefu angeweka alama ya vema bila kusoma ukurasa wa pili.

Hata hivyo, kinachowagusa zaidi waombaji ni bima. Kila mwenye viza hulazimika kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ambayo sharti igharamie matibabu ya dharura na pia kurejeshwa nyumbani kwa mwili wa msafiri akifia ugenini, kwa kuwa nchi za Schengen zimeona si haki mabaki ya mgeni yabaki mikononi mwao bila mpango wa kuyarudisha. Ni kanuni yenye utu. Waombaji wameilipia mwaka baada ya mwaka, na kila mara wakasafirisha salama maiti ambayo haikuwepo. Inapendekezwa kwa hiyo mjusi naye akatiwe bima hiyo, na kwa kuwa hakuna ubishi kwamba amekufa, malipo yaanze mara moja. Shina la mnazi litatafutwa Lindi la kumwegemeza, na kama dari ni fupi, Watanzania wamezoea kupaua upya.

Ikiwa Ofisi itaona kumrudisha ni kazi ngumu, basi fomu ya maombi yenyewe inayo sehemu ya kuonyesha kwamba madhumuni ya safari ni kutembelea ndugu, na mjusi aruhusiwe kutoa barua za mwaliko kwa watu wa Lindi.

Maombi mengine ni madogo. Ada iitwe mchango, ili mtoaji asitazamie kurudishiwa. Miadi ya dirishani ipatikane bila ya kijana anayeuza miadi. Mwombaji naye apewe fomu yenye visanduku ya kujibia, hata kama kisanduku ni kimoja tu kilichoandikwa "si kweli". Na safari ijayo viongozi wa Ulaya watakapousifu mkataba wa Schengen, uliotiwa saini mwezi Juni 1985 juu ya meli ya matembezi katika mto Moselle, wakumbushwe kwamba hata waliotia saini siku ile walikuwa matembezini, na hawakuulizwa kama wangeshuka melini.

Ofisi inaombwa kujibu ndani ya siku 15, zinazoweza kurefushwa hadi 45, ikiambatisha taarifa zake za benki, barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ofisa atarudi kazini baada ya kujibu, na euro 90. Fedha hizo hazitarudishwa, hususan pale waombaji watakapokuwa na shaka ya msingi kuhusu nia ya Ofisi.

Wenu katika ujenzi wa foleni,
Waombaji wa Viza ya Muda Mfupi