Mlinzi Ni Yule Yule

Ndugu yangu, kama una shemeji mwenye simu ya kamera tatu na hana kazi, sina haja ya kukueleza mengi. Wangu tunamwita Prodyuza. Alikwenda Dar kutafuta maisha, maisha yakamkwepa, akarudi hapa Msimbati, Mtwara, na miwani ya jua, stendi ya simu na mpango wa kutuingiza sote kwenye sinema. Kumfukuza siwezi. Nyumba ni yangu kwa maana kwamba mabati nilinunua mimi, lakini kiwanja ni cha ukoo wa mke wangu, na sisi Wamakonde tunafuata upande wa mama. Mimi hapa ni mkwe. Mkwe hafukuzi mtu. Mkwe anasogea pembeni ya mkeka.

Mwenye kauli ni mama mkwe, ambaye nikiwa mbali naye kiasi cha kutosha namwita Jenerali. Jenerali alikamata rimoti enzi za Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na Azam, na hajaiachia hadi leo. Siku zile mgeni akipiga hodi wakati Hurrem, mke wa Sultan, analia, alikaa barazani mpaka Hurrem anyamaze. Nami nikila wali uliopoa huku nikitazama kwa jicho la pembeni, nikaona jambo. Sultan Suleiman, mtu wa Istanbul aliyefariki 1566, anaongea Kiswahili kilichonyooka kama msoma taarifa ya habari. Geuza chaneli uende kwenye vichekesho vyetu wenyewe: akitokea Mmakonde, ujue anakwenda kufungua geti. Kaptula imempwaya, rungu liko begani, anasema, "Nkubwa, kuna ntu nlangoni," na watu wanacheka kabla hajamaliza. Mturuki kapewa Kiswahili sanifu na ikulu juu. Mmakonde kapewa rungu.

Turudi kwa Prodyuza. Sinema yake ya kwanza ilikuwa ya historia. Kulikuwa na Mwingereza hapa kwetu, Latham Leslie-Moore, aliyejenga nyumba yake Msimbati akaishi humo mpaka 1967, alipofukuzwa nchini baada ya kung'ang'ania kwamba Msimbati ijitenge. Mwandishi John Heminway akamtia kitabuni. Kwa hiyo Msimbati, pamoja na wavuvi wake wote, pweza wake wote na kina bibi wenye chale usoni, imeingia vitabuni, na staa ni Mzungu mmoja aliyegombana na serikali. Prodyuza akasema stori kali ni hiyo hiyo.

Mzungu wa kuigiza hatukuwa naye. Akateuliwa mpwa wetu Majikunde, kwa sifa ile moja iliyomo kwenye jina lake. Mbele ya kamera ikaonekana weupe hautoshi, na hapo ndipo kopo la unga wa ngano lilipotoka jikoni. Sasa wewe elewa: mke wangu, Mama Salma, anafundisha shule ya msingi, na maandazi yake ndiyo yanayotuvusha tarehe za katikati. Wakampaka kijana unga usoni, shingoni, hadi ndani ya masikio, wakamvisha kofia yangu ya pama. Jua la saa saba la Msimbati halina utani. Jasho lilipoanza kumtoka, unga ukawa donge. Nyusi zikashikana, kope zikagoma kufunguka, na yule mtawala wa Msimbati huru akaanza kutembea kwa kupapasa mpaka akamkanyaga bata wa Jenerali. Bata hakufa, ila aligoma kutaga. Lawama nikabebeshwa mimi, kwa kuwa kofia ilikuwa yangu.

Mama Salma alitazama kopo tupu, akamtazama mdogo wake. "Wazungu walimpaka Laurence Olivier weusi ili acheze Othello kwenye filamu ya 1965, na siku hizi wanaona haya. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Na kwa unga wangu."

Salma, binti yetu wa darasa la tatu, naye akadai nafasi: anataka kuwa nguva. Ameshaona The Little Mermaid ya 2023, ambayo nguva wake ni Halle Bailey, dada mweusi mwenye rasta, na mjomba wake alikuwa amemwambia kwamba huko Marekani watu wazima na akili zao walikasirika wakidai nguva hawezi kuwa mweusi. Kesi ikafikishwa kwa bibi. Jenerali, binti wa mvuvi, alitoa hukumu bila kunyanyuka kwenye mbuzi ya nazi. Nguva ni wa kijivu, mnene, ana ndevu, ananyonyesha mtoto wake na chakula chake ni majani ya baharini. "Wakitaka nguva wa kweli," akasema, "wamchukue baba yako."

Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana mkwe asiyecheka huulizwa ana nini.

Lakini iliyotikisa nyumba ni sinema ya pili. Tajiri kutoka Dar anakuja Msimbati kwa ajili ya gesi, anajenga jumba, anaajiri mlinzi. Mlinzi ni Mmakonde. Mlinzi ni mimi. Mama Salma aliusoma muswada huku anasahihisha madaftari, na kalamu nyekundu ikahamia huko.

"Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa hapa 1982," akasema. "Bomba likafika Dar 2015. Sasa hata kwenye sinema inayopigwa uani kwa mama yangu, bosi atoke Dar, Mmakonde afungue geti?"

"Dada, soko ndilo linataka hivyo. Watu wanacheka."

"Harmonize si wa Mtwara hii hii? Anajiita Konde Boy, na lebo yake kaiita Konde. Hao hao watu wanalipa kiingilio."

"Yule anaimba, dada."

"Haya, na Simba wa Disney? Kila siku unalalamika kijiweni: 1994 wamempa jina la Kiswahili, sauti wakampa Matthew Broderick. Wao ukiwaona wanakosea, wewe mwenyewe unafanya nini?"

Nilijaribu kusema kwamba mimi ulinzi haunisumbui, kwa sababu mlinzi anakaa kwenye kiti. Nikaambiwa ninyamaze, hili ni suala la Wamakonde. Nikasema mimi pia ni Mmakonde. Nikaambiwa mimi ni mkwe.

Prodyuza akasalimu amri, muswada ukaandikwa upya. Mwenye visima vya gesi sasa ni mama wa Kimakonde, tajiri wa kutisha: Jenerali. Mwanasheria wake: Mama Salma. Mrithi: Salma. Majikunde akapewa ukarani, bila unga. Na mlinzi? Mlinzi awe mtu wa Dar, mjanja aliyeishiwa, mwenye lafudhi ya mjini ya kuwavunja watu mbavu. Ikatafutwa sauti ya mjini. Prodyuza yuko nyuma ya kamera. Nani mwingine aliwahi kuishi Dar? Macho yote yakanigeukia mimi, niliyeuza samaki wakavu Mbagala enzi za ujana. Mapinduzi yakafanyika, haki ikatendeka, nami nikabaki getini na rungu lile lile.

Jenerali aliigiza vizuri kupita kiasi. Yale yote aliyosomea kwa Hurrem aliyatoa: kukaa upande, kunyoosha kidole, kutomtazama anayesema naye. Prodyuza alipaza sauti, "Kata!" Hakusikia. Simu ilishazimwa, Prodyuza yuko Mtwara mjini anatafuta mtu wa kumhariria kwa mkopo, na mama mkwe bado ni mwenye visima. "Mlinzi, maji." "Mlinzi, nani kakuruhusu kukaa?"

Nilipeleka malalamiko kwa mwanasheria. Akaniambia nisimharibie mama yake, kwani mara hii Mmakonde ndiye bosi kwenye sinema. Nikamkumbusha kwamba na mlinzi naye ni Mmakonde. Akafungua muswada, akanionyesha mahali palipoandikwa mlinzi ni mtu wa Dar, akanikabidhi ndoo.