Waligombana Wao, Tukavuna Sisi

Januari 1970 Paul Simon na Art Garfunkel, marafiki tangu shule ya msingi huko Queens, New York, walitoa Bridge over Troubled Water, albamu yao ya mwisho ya studio. Ina nyimbo 11. Zilikuwa ziwe 12, ila Simon aling'ang'ania wimbo wa kumpinga Nixon, mwenzake akataka wa kwaya wa Bach, na hakuna aliyelegeza. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, tuliambiwa. Kwa hawa, beba kapu moja kwa moja. Tuhesabu saba bora kutoka chini.

7. Bye Bye Love. Wimbo wa Everly Brothers, umerekodiwa jukwaani. Makofi ya watazamaji yanaimba kuliko wao.

6. Why Don't You Write Me. Simon alijaribu midundo ya Jamaika. Jamaika haikumjibu. Baadaye akafunga safari mwenyewe hadi Kingston.

5. El Condor Pasa. Simon alidhani ni wimbo wa mapokeo, usio na mwenyewe. Kumbe Mperu Daniel Alomía Robles aliutunga mwaka 1913! Mwanawe akafungua kesi, wakamalizana kwa amani. Hata embe la njiani lina shamba lake.

4. Cecilia. Ulianzia nyumbani, watu wakipiga mapaja na kiti cha piano huku tepu ikizunguka. Yeyote aliyewahi kutwanga dawati mwalimu akiwa ametoka anaweza kudai hisa.

3. The Boxer. Zaidi ya saa 100 studio! Kile kishindo ni ngoma ya Hal Blaine iliyopigwa mbele ya lifti. Kiitikio? Simon alikosa maneno, akajaza sauti tupu, zikabaki. Nasi harusini tunavuka ubeti wa pili hivyohivyo.

2. Bridge over Troubled Water. Wekeni mawe chini. Ndiyo, wiki 6 kileleni Marekani, na Grammy juu yake. Simon aliutunga, akasisitiza Garfunkel auimbe. Akaja kujuta, kila ukumbi ukimsimamia mwenzake kwa shangwe. Wewe umepika biriani, anasifiwa aliyepakua!

1. The Only Living Boy in New York. Garfunkel alikwenda Mexico kuigiza Catch-22. Nafasi ya Simon kwenye filamu hiyohiyo ikafutwa. Mtu mwingine angenuna. Yeye alibaki mjini akamtungia “Tom” wimbo wa kumtakia safari njema, na Tom ni jina la Garfunkel la mwaka 1957, enzi wakijiita Tom na Jerry. Hakuna tusi hata moja, ndiyo maana unauma. Zile sauti zinazotanda nyuma kama ukungu ni zao wote wawili, zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka. Mwaka huohuo wa 1970 wakaachana.

Mnaodai Cecilia ungeongoza, meza zipo. Pigeni.