Kompyuta Namba Saba

Kanuni za chumba cha kompyuta zilibandikwa mlangoni, zimechapwa kwa herufi kubwa na kufanyiwa laminesheni, na chini zimegongwa muhuri mara mbili kwa kuwa ule wa kwanza ulififia. Nilikuwa nasomea uongozaji watalii, ngazi ya astashahada, katika chuo kimoja hapa Bagamoyo, na nakiri wengi wetu tulizijua kanuni zile kuliko tulivyoyajua magofu ya Kaole. Marufuku kula. Marufuku kuchomeka flashi. Marufuku kuchaji simu, jambo lililowaondolea watu wengi sababu ya kufika. Marufuku kubofya kitufe usichokijua, na hii iliwatesa hasa wale waliolipa ada ili wavijue vitufe. Juu kabisa, kwa wino mwekundu: MARUFUKU KUINGIA NA VIATU.

Hiyo ya viatu sikuibisha. Mji huu ni mchanga mtupu, ukitembea kidogo tu unaingia ndani na nusu ya ufukwe. Chumvi nayo haina adabu. Watu wana mashamba ya chumvi kule Nunge, lakini sisi tungeweza kuikwangua kwenye nondo za madirisha. Upepo wa kusi ukishakula bati la nyumba, sipiyu ya kompyuta ni kitafunwa. Basi tulivua viatu, tukavipanga barazani, tukaingia peku kwenye sakafu ya saruji.

Shida ilikuwa namba saba. Ilikuwa inapiga shoti. Si shoti ya kuua, ni ile ya kukufanya umwite mama yako mbele ya darasa. Mwenzetu mmoja aliyewahi kusomea umeme alizunguka nyuma ya jengo, akarudi na maelezo: waya wa ethi unatakiwa uende mpaka kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa ardhini, na ile shaba ilikwisha kwenda zake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Umeme unaovuja kwenye sipiyu, ukikosa njia ya kuingia ardhini, hutafuta mtu. Humfaa zaidi mtu asiye na viatu, juu ya saruji, na kanuni ya kwanza ilihakikisha hakosekani. Mwenye kandambili angekuwa salama, ila angekuwa mhalifu.

Tukamweleza fundi, ambaye alipenda aitwe mtaalamu wa TEHAMA. Akatusomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kuingia kwenye kompyuta bila idhini, faini isiyopungua milioni tatu au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Dada mmoja wa Tanga akauliza kwa upole wa kwao sheria inasemaje pale kompyuta inapomwingia mtu bila idhini. Fundi akafunga kitabu. Alituelekeza tufuate utaratibu wa malalamiko.

Utaratibu huo ulikuwa na sura yake nzima katika kitabu cha mwanafunzi. Uanze kwa kiongozi wa darasa, upande kwa mwalimu wa darasa, kwa mkuu wa idara, kwa mshauri wa wanafunzi, kwenye kamati, ndipo kwa mkuu wa chuo. Kila ngazi siku saba za kazi. Tena kila mtu alalamike kivyake. Wawili wakilalamika kwa pamoja, huo ni mgomo. Kuhusu mgomo, mshauri wetu, mzee wa heshima tuliyemwamkia shikamoo hata akiwa ng'ambo ya barabara, alikuwa na habari yake moja aliyoipenda. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam waliandamana na majoho yao kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza karibu 400, wakarudi makwao. Akifika hapo mzee alitutazama mmoja mmoja, kama anayepiga hesabu ya nauli za Lindi na Singida.

"Sasa wanangu, hapa hakuna mshahara utakaokatwa," alisema. "Itabaki ile sehemu ya pili tu."

Tukatawanyika, kila mmoja na shoti yake.

Fomu ilitakiwa ichapwe kwa kompyuta, si kwa mkono. Kompyuta za chuo, kwa mujibu wa mlango, zilikuwa za masomo tu, na kulalamika hakukuwa somo, ingawa kwa maoni yangu kulistahili krediti tatu. Nikaenda steshenari ya Magomeni.

"Namba saba?" mama mwenye duka akaniuliza kabla sijakaa.

Alikuwa na faili tayari. Maelezo yote yamepangwa, limeachwa pengo la jina, la tarehe na la kiungo kilichopigwa. Kuprinti mia tano. Ukitaka maneno makali, unaongeza mia mbili. Chini ya meza yake, pale anapoweka miguu, alikuwa ametandika kipande cha mpira. Nilikitazama kwa wivu.

"Kiombeni na nyie," akasema. "Tatizo fomu yenu haina sehemu ya kuomba, ina ya kulalamika tu."

Malalamiko yakapanda ngazi mbili bila kujikwaa. Mkuu wa idara, mtu makini kwa kweli, alikataa kuamua kwa karatasi. Alikuja mwenyewe. Akaingia na viatu vyake vya ngozi, soli nene, akaishika namba saba kwa viganja vyote viwili na kutulia nayo. Hata kope haikucheza.

"Mwalimu, samahani, labda ungevua viatu," nikamwambia.

"Kanuni ya viatu ni ya wanafunzi," akanijibu, akaandika kwenye fomu yangu: Imekaguliwa, haina tatizo.

Masika yalipoingia, namba saba ilitoa moshi mwembamba ikazima moja kwa moja. Wakati huo chuo kilikuwa kimeachana na karatasi. Serikali ina e-Mrejesho yake, mwananchi anatuma lalamiko au pongezi akiwa nyumbani, na sisi hatukutaka kupitwa, tukapata mfumo wetu. Nikafungua kwa simu, nikaeleza kwamba kompyuta imekufa. Mfumo ukagoma kupokea mpaka niambatishe picha ya skrini. Nikaenda, nikapiga picha ya skrini ya namba saba, nikaituma.

Jibu lilikuja ndani ya wiki, na nawapa sifa kwa hilo. "Ndugu mwanafunzi, picha yako ni nyeusi tupu. Tafadhali washa kompyuta husika, kisha upige picha upya."