Mwongozo wa Kunusurika na Besdei ya Nyumbani

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima mwenye akili timamu ambaye kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa ikifika, kazi au masomo humweka mbali na kwao Dar es Salaam. Mwaka huu mama amepiga simu, naye amekubali kwenda. Hapo ameshakosea, ila mama hapigiwi simu ya kughairi. Tuendelee.

1. Tarehe

Usije na cheti chako cha kuzaliwa cha RITA ukidhani kitamaliza ubishi. Tarehe ya cheti inaangukia Jumanne; mama anakumbuka Jumapili, watu wakitoka kanisani; shangazi anashikilia usiku wa Ijumaa, maana yeye ndiye aliyekwenda kutafuta teksi. Na bibi usimguse kabisa. Kizazi chake kilihesabiwa kwa matukio: huyu mwaka wa njaa, yule mwaka wa nzige. Karani hakuwa na mahali pa kuandika nzige, akaandika 1 Julai. Ndiyo maana bibi na wadogo zake wote wamezaliwa 1 Julai, kila mmoja na mwaka wake, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sherehe itakuwa Jumamosi. Sherehe huwa Jumamosi.

2. Kamati

Kuna siku utaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye picha yako ya darasa la pili, kisha utaondolewa baada ya dakika moja. Hiyo ndiyo kamati ya besdei yako, na aliyekuingiza sasa hivi anasemwa. Jifanye hukuona kitu. Lakini ukibahatika kuisoma ile orodha ya michango, soma safu zote mbili: ahadi, na kilichotolewa. Utagundua kwamba kuna binamu anayekuthamini kwa shilingi elfu tano, na kwamba hiyo elfu tano bado iko njiani.

Mjadala mkubwa utakuwa keki. Keki inaagizwa kwa kilo, na kila kilo ina wapinzani wake. Wanaotaka kilo tatu wanahesabu watoto wa jirani. Wanaotaka kilo moja na nusu ndio wanaolipa. Baba mdogo atapendekeza ndafu, mbuzi mzima achomwe na kupambwa kama harusini. Kwenye orodha, baba mdogo ameahidi kreti moja ya soda.

3. Maji

Hapa ndipo wengi huangamia. Mtu mwenye besdei humwagiwa maji, hata kama ana shahada ya pili na shati la kupiga pasi. Usitegemee shida ya maji mtaani: bomba likikauka wiki nzima, ndoo ya kukumwagia itapatikana, nayo itakuwa ni ile iliyosuuziwa masufuria ya pilau.

Jifunze dalili. Nyumba yenye watoto sita imenyamaza. Ndoo ya bafuni haipo bafuni. Dada yako, asiyekuulizia hali tangu Pasaka, anakusifia viatu na kukushauri uvivue. Kisha shangazi anakwambia kwa sauti ya upole: "Mwanangu, hebu nifuatie kiberiti hapo dukani." Juu ya jiko kuna viberiti viwili. Unaviona, naye anaona kwamba umeviona.

Elewa unashindana na nani. Shangazi ni mwindaji wa zamani na watoto ni mbwa wake: amewafunza kutulia mpaka mawindo yapite, kutocheka kabla ya wakati, na kufunga njia ya nyuma. Yeye mwenyewe hakimbii. Anakohoa tu, na ndoo zinatoka pande tatu.

Mwavuli hausaidii, na kujifungia chumbani kunaongeza ndoo. Weka simu ndani ya mfuko wa nailoni, vaa nguo usiyoipenda, toka nje ukaloweshwe mapema. Ukinuna, watarudia. Aliyekumwagia ya kwanza mwandike jina na tarehe yake ya kuzaliwa. Hapo cheti cha RITA kina faida.

4. Keki

Umeshabadili nguo, sasa utaimbiwa. Tuni ya wimbo wenyewe ilitungwa na dada wawili wa Kentucky, Marekani, Mildred na Patty Hill, ikachapishwa mwaka 1893 kama salamu ya asubuhi ya watoto darasani. Mwaka 2015 mahakama ya Marekani iliamua kwamba kampuni iliyokuwa ikitoza watu kwa maneno ya besdei haikuwa na haki miliki halali. Kwa hiyo unaimbiwa bure, na ukisikiliza vizuri utatambua hivyo.

Baada ya kukata, unalisha. Binamu mwenye kipaza sauti ataita watu kwa makundi: wazazi, walezi, ndugu, majirani, wenzako wa kwaya ambayo uliacha zamani. Kila mmoja unamlisha kipande kwa kijiti, naye anabaki kaachama mpaka mpiga picha aridhike. Kuwa mwangalifu na zamu. Ukimlisha mchumba kabla ya mama, maelezo utakayotoa yatachukua miaka. Ukimsahau mjomba, hatasema kitu. Atamsimulia kila mtu kwamba hakusema kitu.

Wewe mwenyewe utaonja krimu iliyokubakia puani.

5. Hotuba ya mama

Mama atasimama "kusema machache". Kaa chini. Atasimulia siku uliyozaliwa: mvua, teksi iliyozimika, nesi mkali, baba yako aliyerudi nyumbani kufuata khanga akapitiwa na usingizi. Kila mwaka mvua inazidi na baba analala zaidi. Usisahihishe, hukuwa na macho ya kuona.

Na ukisikiliza mpaka mwisho utakuta kwamba humo kwenye hadithi wewe hufanyi lolote. Kazi yote ya siku ile aliifanya yeye, na leo pia yuko jikoni tangu alfajiri. Wanaokupongeza wamekosea mtu. Hata zile ndoo zilikuwa na haki.

6. Zawadi

Kwa hiyo zawadi nunua wewe, umpe yeye: doti ya khanga, wala usiishie kutazama rangi. Kila khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo litakalosomwa na mashoga zake wote. Wapo waliomvisha mama maneno ya kumsuta mke mwenza, kisha wakashangaa baba haongei. Muuzaji akikuharakisha, mwambie asubiri. Ifungue khanga yote, usome jina polepole, ndipo ulipe.